Namna ya Kugawa Elfu Kumi kwa Watu Watatu Bila Kuvunja Undugu

Anza kwa kutafuta noti ya shilingi elfu kumi. Kisha tafuta akina mama watatu walioshirikiana kuuza samaki wa angara katika soko la Arua, Uganda, tangu alfajiri: mtaji wao mmoja, jasho lao sawa, na faida yao ya leo ni noti hiyohiyo. Wakiwa wawili mwongozo huu hauna kazi, kila mmoja atachukua elfu tano aende zake. Wakiwa wanne, ni elfu mbili na mia tano. Watano, elfu mbilimbili. Hata wanane watapatana, 1,250 kwa kila mmoja, mradi wazipate sarafu za hamsini. Wenye shida ni watatu, na shida yao ni kongwe kuliko soko lenyewe.

Sasa chukua kikokotoo, kile cha bei rahisi chenye nafasi za tarakimu nane ambacho hukosi kukikuta juu ya meza ya duka. Bonyeza 10,000, gawa kwa 3. Kioo kitajaa tatu: 3333.3333. Usiondoke. Zidisha kwa 3. Vikokotoo vingi vya aina hiyo vitakuletea 9999.9999. Noti iliingia ikiwa elfu kumi, ikagawanywa, ikaunganishwa tena, na imetoka imepungua. Mama wa kwanza anamtazama wa pili. Wa pili anamtazama aliyeshika kikokotoo.

Hakuna aliyeiba. Kilichopotea ni kipande ambacho kioo hakikuwa na nafasi ya kukiandika, na watu wengi, wakiwemo waliosoma, hudhani kipande hicho kimepotea kutoka kwenye pesa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kwa miaka mingi nimewaona watoto wakiondoka darasani na imani hiyo: kwamba theluthi ni kitu kisichokamilika, kwamba 0.333... ni kazi iliyoachwa njiani, na kwamba hesabu ikifika hapo inaanza kubahatisha. Naandika mwongozo huu ili imani hiyo iondoke.

Gawa kwa mkono kwanza

Weka kikokotoo kando, shika kalamu. Moja kwa tatu haiendi. Andika sifuri, weka nukta, moja iwe kumi. Kumi kwa tatu ni tatu, baki moja. Shusha sifuri, kumi. Kumi kwa tatu ni tatu, baki moja. Shusha sifuri, kumi. Hapo simamisha kalamu ujiulize: kuna jipya lolote linaloweza kutokea? Baki ni ileile moja uliyoanza nayo, na sifuri unayoshusha ni ileile. Baki haijabadilika, basi jibu nalo halina sababu ya kubadilika. Huhitaji kukesha ukiandika. Tarakimu ya milioni moja baada ya nukta unaijua sasa hivi, ukiwa umekaa kwenye kiti: ni tatu. Ya bilioni, tatu.

Ndiyo maana nasema nukta zile tunazoziweka mwishoni, 0.333..., hazina maana ya “nimechoka”. Maana yake ni “nimekwisha kuona yote”.

Ukishaizoea tatu, panda hadi saba. Moja gawa kwa saba. Kumi kwa saba ni moja, baki tatu. Thelathini kwa saba ni nne, baki mbili. Ishirini kwa saba ni mbili, baki sita. Sitini kwa saba ni nane, baki nne. Arobaini kwa saba ni tano, baki tano. Hamsini kwa saba ni saba, baki moja. Baki moja! Tumerudi stendi tulikoondokea. Kuanzia hapa safari ni ileile: 0.142857142857142857, na kuendelea.

Kwa nini ilikuwa lazima turudi? Fikiria gari lenye viti sita, kila kiti kimeandikwa baki yake: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ukigawa kwa saba huwezi kupata baki nyingine, isipokuwa sifuri, na ikija sifuri kazi imeisha. Sifuri isipokuja, kila hatua inampakia abiria mmoja kwenye kiti chake. Abiria wa saba akipanda hana budi kumkalia mwenzake mapajani, na papo hapo mzunguko unajifunga. Hii ni sheria kwa kila sehemu, kila akisami, ukipenda jina hilo, hata iwe na asili, yaani namba ya chini, kubwa namna gani. Moja ya kumi na saba huzunguka baada ya tarakimu 16. Asili ikiwa kubwa, mzunguko unaweza kuwa mrefu, ila hauwezi kuifikia asili yenyewe. Sehemu yoyote ya namba kamili ama itaisha ama itajirudia. Hakuna njia ya tatu.

Na kabla hujaiacha 142857, kaa nayo kidogo, maana ni namba yenye adabu ya pekee. Izidishe kwa 2: 285714. Kwa 3: 428571. Kwa 4: 571428. Kwa 5: 714285. Kwa 6: 857142. Tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, zimebadilishana tu nani atangulie, kama watoto wanaocheza duara. Izidishe kwa 7 uone: 999999. Tisa sita zimesimama mstari. Zikumbuke, tutazihitaji njiani kuelekea mji wa Koboko.

Watoto wetu wanaujua mzunguko huu bila kujulishwa. Shuleni wanaambiwa watumie 22/7 badala ya pai, na 22/7 ni 3.142857142857..., saba yetu ileile. Pai yenyewe huanza 3.14159. Zinaongozana kwa tarakimu mbili baada ya nukta, halafu zinaachana. Mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili kamili. Kwa hiyo kila desimali inayojirudia, hata iwe ndefu kutoka hapa hadi Kampala, si pai. Mwanafunzi akijua hilo, 22/7 inakuwa kifaa mkononi mwake. Asipolijua anamaliza shule akiamini kuwa pai ni 22/7, na nimewakuta watu wazima wenye vyeti wanaoamini hivyo.

Mtafute mwenye kosa

Theluthi haina kosa. Mwenye kosa ni kumi.

Kilugbara kinahesabu hadi mudri, Kinubi hadi ashara, Kiswahili hadi kumi, na sote tumeichukua kumi hiyo kutoka kwenye vidole vya mikono. Kumi ina vigawo tasa viwili tu, mbili na tano. Sehemu ambayo asili yake, baada ya kurahisishwa, imejengwa kwa mbili na tano peke yake, itaisha: nusu ni 0.5, robo ni 0.25, moja ya nane ni 0.125. Ukitia ndani yake tatu, au saba, au kumi na moja, vidole havina jibu na duara linaanza. Tungezaliwa na vidole kumi na viwili, theluthi ingekuwa tarakimu moja baada ya nukta, na humusi ndiyo ingekuwa inatuzungusha.

Ushahidi umejaa sokoni. Mayai yanauzwa kwa trei ya 30, na theluthi ya trei ni mayai kumi, hakuna aliyewahi kuvunja yai kwa sababu ya hesabu hiyo. Sabuni na madaftari vinauzwa kwa dazeni, theluthi yake ni nne. Saa ina dakika 60, theluthi yake ni dakika ishirini, na mwenye bodaboda akikuambia atafika baada ya theluthi ya saa humwoni akiweka nukta tatu mwishoni mwa sentensi. Dakika hizo sitini tumezirithi kutoka Babeli, kwa watu waliohesabu kwa sitini maelfu ya miaka iliyopita, na kwao theluthi iliandikwa “ishirini” ikaisha. Hapa jirani, upande wa Kongo, kwenye kingo za Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wa Ishango, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, wenye safu tatu za chale. Ukizijumlisha, safu mbili zina chale 60 kila moja na ya tatu ina 48. Wataalamu wanabishana chale hizo zilihesabu nini. Mimi ninachojua ni kwamba 60 na 48 zote hugawanyika kwa tatu bila baki.

Desimali zenyewe ni wageni. Al-Uqlidisi wa Dameski aliziandika karibu mwaka 952, na Ulaya zilisambaa baada ya kijitabu cha Simon Stevin cha mwaka 1585. Kugawana kulikuwepo kabla yao, na lugha yetu ina majina kamili ya kugawana: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linaloishia na nukta. Anayesema “theluthi” amemaliza kusema.

Weka simu chini, lete kokoto

Majina hayo hayakutungwa kwa mapambo. Mengi kati yake hutumika kwenye mirathi, na ni kwenye mirathi ndipo nilipoona kwa macho yangu ubaya wa kukata desimali.

Ilikuwa Koboko, kwenye baraza la familia moja, baada ya arobaini. Marehemu alikuwa Mwislamu, ameacha mke, mama mzazi na mtoto wa kiume mmoja, madeni yamelipwa, na kilichobaki ni shilingi milioni 24. Mke, kwa kuwa kuna mtoto, ana thumuni. Mama ana sudusi. Mtoto wa kiume huchukua kinachobaki. Kijana wa familia akatoa simu. Moja ya nane, akasoma, 0.125, tuseme 0.13. Moja ya sita, 0.1666, tuseme 0.17. Kinachobaki 0.7083, tuseme 0.71. Akazidisha kwa haraka: mke 3,120,000, mama 4,080,000, mtoto 17,040,000.

Maalimu alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza, “Mwanangu, marehemu aliacha ngapi?”

“Milioni ishirini na nne, maalimu.”

“Na wewe umegawa ngapi? Jumlisha.”

Kijana akajumlisha. Milioni 24 na laki mbili na arobaini elfu. Alikuwa amewarithisha watu shilingi 240,000 ambazo marehemu hakuziacha.

“Weka simu chini,” maalimu akasema. “Nenda pale nje uniletee kokoto ishirini na nne.”

Zikaletwa. Thumuni ya 24 ni tatu, akazisogeza upande wa mjane. Sudusi ni nne, akazisogeza kwa bibi. Zilizobaki kumi na saba, za mtoto. Kila kokoto milioni moja. Tatu, nne, kumi na saba. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mtu aliweza kuhesabu kokoto zake mwenyewe.

Wanazuoni wa mirathi wana orodha ya zamani ya namba za kuanzia: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Huiita namba ya kuanzia asili ya masuala. Angalia neno hilo, asili, ndilo lilelile tunalolitumia darasani kwa namba ya chini ya sehemu. Kazi yake ni kuhakikisha desimali haizaliwi kabisa. Huchagui kumi kwa sababu una vidole kumi. Unachagua namba ambayo wenye haki wote wataingia ndani yake wazima.

Kuna jambo la kuangalia hapa, na nalisema kwa uchungu. Kukata tarakimu humwumiza mtu fulani kila mara. Wasia katika sheria ya Kiislamu hauzidi theluthi. Anayeandika theluthi ya milioni kumi kuwa 0.33 anaandika 3,300,000, na shilingi 33,333 za aliyeusiwa zimeyeyuka. Anayevuka mpaka wa Sudan Kusini pale Oraba na kubadilisha pesa mara mbili, hukatwa mara mbili. Jiulize siku zote ni nani aliyeshika kikokotoo, na namba inakatwa kuelekea mfuko wa nani.

Namna ya kuirudisha nyumbani

Ukikutana na desimali inayozunguka na unataka kujua ilikuwa sehemu gani, fanya hivi. Tuseme ni 0.272727... Mzunguko wake una tarakimu mbili, basi izidishe kwa 100: 27.272727... Ondoa ile ya kwanza. Mikia miwili ya 27 isiyo na mwisho inalingana tarakimu kwa tarakimu, inafutana yote kwa mpigo mmoja, na unabaki na 27. Umetoa moja kutoka mia, kwa hiyo 27 hiyo ni mara 99 ya ulichokitafuta: 27/99, yaani 3/11. Mzunguko wa tarakimu moja hukaa juu ya 9, wa mbili juu ya 99, wa tatu juu ya 999. Mzunguko wa saba, 142857, unakaa juu ya 999999, ndiyo ile foleni ya tisa sita.

Panda bodaboda kwenda Koboko

Sasa tumefika kwenye swali linalogawa darasa zima: 0.999..., tisa zisizokwisha, ni sawa na moja au ni ndogo kidogo? Kila mwaka nauliza, na kila mwaka mikono mingi huinuka upande wa “ndogo kidogo”. Nawapenda kwa uaminifu wao, kwa sababu wanasema wanachokiona. Ila wanachokiona si hicho kilichoandikwa.

Ondoka Arua asubuhi kwa bodaboda, barabara ya lami, zaidi ya kilomita hamsini hadi Koboko, ukikatiza Wilaya ya Maracha. Ukimaliza tisa ya kumi ya njia umekwenda 0.9. Imebaki moja ya kumi. Maliza tisa ya kumi ya hiyo, umefika 0.99. Maliza tisa ya kumi ya iliyobaki, 0.999. Zeno wa Elea, katika karne ya tano kabla ya Kristo, alitoa hoja za namna hii, mojawapo ya mkimbiaji na kobe, akadai kwamba mkimbiaji hamfikii kobe. Sisi tuliokua na hadithi za kobe tunajua kuwa kobe hashindwi kwa akili, lakini dereva wa boda naye anajua kuwa Koboko anafika, na anadai nauli yake.

Basi nionyeshe jiwe. Chagua jiwe lolote kandokando ya barabara ambalo liko kabla ya Koboko, hata liwe hatua moja, hata unywele mmoja kabla ya kibao cha mji. Mimi nitakutajia idadi ya tisa zinazolipita jiwe hilo. Chagua lililo karibu zaidi. Nitaongeza tisa chache tu, nalo limepitwa. Hakuna jiwe utakaloweza kulichagua ambalo tisa zote kwa pamoja hazijalipita. Ikiwa 0.999... ingekuwa mahali pengine kabla ya moja, kungekuwa na pengo, na ndani ya pengo hilo kungekuwa na jiwe. Jiwe halipo, pengo halipo, basi mahali ni pamoja.

Mwanafunzi hodari atainuka hapo. “Mwalimu, tofauti ipo. Ni sifuri nukta sifuri sifuri sifuri, zisizokwisha, halafu moja mwishoni.” Mpongeze, halafu mwombe akaiweke hiyo moja. Aiweke wapi? Amesema mwenyewe kuwa sifuri hazikwishi, na kisichokwisha hakina mwishoni. Moja yake haina kiti.

Kama bado ana shaka, mkumbushe alichokwisha kukubali. Amekubali kwamba 1/3 ni 0.333.... Zidisha pande zote mbili kwa tatu. Upande huu 1, upande huu 0.999.... Au atumie njia ya kuirudisha nyumbani: mzunguko wa tarakimu moja hukaa juu ya 9, kwa hiyo tisa zinazozunguka ni 9/9.

Ninachowaambia mwisho ni hiki: ni namba moja yenye majina mawili. Arua hii mtu ana jina alilopewa na bibi yake kwa Kilugbara na jina la ubatizo au la Kiislamu, na ukimwita kwa lolote anageuka yuleyule. 0.5 nayo huitwa 0.4999..., na 2 huitwa 1.999.... Kila desimali inayoisha, isipokuwa sifuri, ina jina la pili la namna hiyo. Theluthi haina la pili, 0.333... ndilo jina lake pekee la desimali.

Usiite “nyingi mno”

Kisicho na mwisho hakimaanishi kingi sana. Tunasema chungu nzima, tunasema sufufu, tunasema kama mchanga wa Nile, lakini mchanga wa Nile una idadi. Archimedes wa Sirakusa, karne ya tatu kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba hata ukijaza ulimwengu wote mchanga, kuna namba ya kuzitaja punje zake.

Tofauti utaijua ukifika stendi. Teksi yetu ya abiria 14 ikijaa imejaa, konda aseme “sogeeni” mara ngapi. Sasa chukua basi lenye kiti namba 1, namba 2, namba 3, bila kiti cha mwisho, na kila kiti kina mtu. Njiani, Maracha, anasimama mama na kapu lake. Konda anasema “sogeeni kimoja”: wa kwanza anahamia cha pili, wa pili cha tatu, na kila mtu ana pa kwenda. Mama ameketi kiti cha kwanza na hakuna aliyeshuka. Mkikuta basi jingine kama hilo limeharibika na abiria wake wote wanataka viti, konda anasema kila mtu ahamie kiti chenye namba mara mbili ya chake. Viti vya namba witiri vyote viko wazi. Mjerumani David Hilbert aliieleza habari hii kwa mfano wa hoteli katika mihadhara yake ya miaka ya 1920. Desimali zote zinazoisha na zote zinazojirudia, yaani sehemu zote duniani, zinaenea ndani ya basi hili moja. Zisizojirudia, akina pai, haziwezi. Georg Cantor alithibitisha mwaka 1874 kwamba huwezi kuzipanga foleni kwa namna yoyote ile. Kutokuwa na mwisho nako kuna ukubwa tofauti. Hilo ni jambo la kulikalia siku nyingine, na wote waliolikalia wamelikuta ni zuri.

Simama Salia Musala

Wilaya ya Koboko ina mahali paitwapo Salia Musala, panapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Eneo hili lote limegawiwa na watu wa mbali mara nyingi: lilikuwa ndani ya Lado, eneo alilokodishiwa Leopold wa Ubelgiji, likaenda Sudan baada ya kifo chake mwaka 1909, na mwaka 1914 West Nile ikawekwa Uganda. Wakakwa wamejikuta katika nchi zote tatu, na bado ni Wakakwa, wanasalimiana na kuozeshana. Mpeleke mwanafunzi wako hapo. Mwambie achore duara ardhini kwa kijiti, aligawe kwa tatu kuanzia katikati. Nyuzi 360 kwa tatu ni 120, hakuna kinachobaki, hakuna nukta. Theluthi iko pale chini mbele ya miguu yake, nzima, na ilikuwa nzima kabla ya kikokotoo kuwashwa.

Kwa hiyo naomba jambo kwa walimu wenzangu wa Arua, wa Koboko na kwingine kote. Mwanafunzi akiandika 1/3 kama jibu, mpeni alama zake zote. Mfundisheni kubeba sehemu yake nzima hadi mstari wa mwisho, na kukata tarakimu mara moja tu, mwishoni, kwa sababu inayojulikana na mbele ya kila mwenye haki. Msimwambie 0.33 ni jibu.

Na wale akina mama watatu? Shilingi 3,300 kila mmoja, na mia moja imebaki juu ya meza. Wape zamu. Leo mia aichukue wa kwanza, kesho wa pili, keshokutwa wa tatu, halafu duara lianze tena. Faida ikiwa ileile, kwa siku tatu wameingiza elfu thelathini, na kila mmoja amekwenda nyumbani na elfu kumi kamili.